Unga wa Kusukutua Mashine

Ramazani, mwenzangu wa kazi, husema kwamba nikifa watanizika nimesimama, maana kulala chali sitakubali. Na aseme. Nakula nimesimama, nasoma nimesimama, na katika maabara yetu hapa Baraka, ambayo ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama soko, viti viwili vilivyopo ni vyake vyote: kimoja anakikalia, kingine anawekea miguu. Mimi naitwa Adolphine. Nina miaka arobaini na mmoja, subira sina, na wiki ile nilikuwa nimepewa kazi inayodai subira kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kikundi cha akina mama kilitaka kuanza kutengeneza unga wa uji usio na karanga, kwa ajili ya watoto ambao karanga huwavimbisha. Zamani mtoto akivimba midomo baada ya kula tulisema amelogwa. Siku hizi tunajua kwamba kuna miili inayoipokea karanga kama sumu, na huku kwetu karanga imo kila mahali: kwenye mboga yetu ya sombe, kwenye uji, kwenye vidole vya watoto wa jirani. Basi swali likawa, tutajuaje kwamba unga huu hauna karanga kweli?

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sahani ya plastiki yenye visima vidogo tisini na sita. Inapima vizuri sana, ila mashine ya kuisoma iko Uvira, na jibu huchukua siku kadhaa kurudi. Ya pili ni bandeleti, kipande cha karatasi chembamba kuliko kidole cha mwisho. Unakoroga unga kwenye maji yake maalumu, unachovya karatasi, unasubiri dakika kumi. Mstari mmoja maana yake karatasi ni nzima na karanga hakuna. Mistari miwili, karanga imo. Docta Placide, mkubwa wetu wa Uvira, alitaka nimwambie ifikapo Ijumaa kama bandeleti peke yake inaaminika, bila kungoja sahani.

Nilitaka ifaulu. Nasema wazi, maana mpimaji hatakiwi kutaka kitu, nami nilitaka kwa moyo wote, kwa sababu ya Tania.

Tania ni mtoto wa mdogo wangu Bienfait, wa Nundu. Ana miaka minne. Mara ya kwanza alilamba karanga ya kusaga kwenye kidole cha mwenzake, midomo ikafura na macho yakafunga. Mara ya pili ilikuwa sombe ya msibani, na safari hiyo pumzi ilipiga filimbi mpaka walipomchoma sindano. Muuguzi akawaambia wazazi wake kwamba ya tatu huenda wasifike kwa wakati. Tangu siku hiyo mama yake, Gentille, hamlishi ila viazi na samaki aliowaparua mwenyewe. Mtoto alikonda mpaka shingo ikawa nyembamba kama mkono. Gentille ni mtu wa Kilembwe, mwenye maneno machache. Anauliza jambo mara moja, kisha anakutazama.

Siku tatu tulifanya kazi. Ramazani alichanganya unga safi na karanga kwa vipimo anavyovijua yeye, akavificha vikombe kwa namba, nami nikavipima bila kujua kilicho ndani. Kulikuwa na vikombe visivyo na kitu, na vikombe vyenye karanga kidogo kiasi kwamba ungeutawanya mfuko mzima juani usione hata chembe. Bandeleti haikukosea hata mara moja. Vikombe arobaini, majibu arobaini. Nilizunguka meza nikipiga makofi.

"Kaa chini, mama," Ramazani akaniambia. "Hata karatasi inakuogopa, njo maana inajibu muzuri."

Tulikuwa tunatafuta kidogo, na kidogo tukakipata. Karanga nyingi hatukuitafuta, kwani nani angehitaji karatasi ili kuiona?

Kuna jambo jingine la kusema kabla ya Gentille kuingia, nalo linahusu pua yangu. Nilipokuwa mafunzoni Uvira niliandika kwenye fomu, mahali pa maelezo, "inanukia karanga." Docta Placide akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, akacheka. "Mama Adolphine, pua haina diplome. Andika kile mustari inasema." Wakacheka wote. Si mtu mbaya, na alichosema ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini mimi nikichekwa sisahau, na tangu siku hiyo pua yangu niliitia mfukoni.

Gentille aliingia Jumatano, jua likiwa utosini. Alikuwa amekuja Baraka kununua chumvi na sabuni, na kwapani alikuwa na fundo la kitenge.

"Yaya, unipimie hii bunga," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa, na bunga ni unga. "Mama Mwanahamisi wa ku mashini njo amenipatia. Nilimuuliza kama karanga iko ndani. Akasema hapana, ni mahindi."

Mwanahamisi ndiye mwenye mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko. Ni mjane aliyepita makamo, mcha Mungu, mtu ambaye hajawahi kumpunja mteja hata kiganja. Akisema mahindi, ni mahindi. Nikasema, "Lete." Sikuuliza lolote lingine. Nilikuwa na haraka ya kuona jibu, na haraka, kama tunavyotaniwa na wageni, haina baraka hata kwa mtu wa Baraka.

Akafungua fundo. Harufu ya karanga iliyokaangwa ikanijia puani, nzito, tamu, kama mtu ameniita kwa jina.

Niliisikia. Naomba hilo likae hapo lilivyo. Kisha nikaanza kujitetea kwa mwanasheria wangu wa ndani, ambaye hashindwi kesi: dirisha linatazama soko, na pale chini kuna mama anakaanga karanga tangu asubuhi. Siku tatu nimetwanga karanga kwenye meza hii hii. Aproni yangu yenyewe inanuka. Pua haina diplome.

Nikapima unga kwenye mizani, nikakoroga, nikachovya. Dakika kumi nilizitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Gentille alisimama palepale, mikono imeshikana tumboni, macho kwenye karatasi.

Mstari mmoja.

Nikachovya nyingine, kwa kuwa harufu haikutoka. Dakika kumi tena. Mstari mmoja, mweusi, ulionyooka, na mahali pa mstari wa pili peupe pe.

"Ona," nikasema. "Karanga haiko."

"Kweli, yaya?"

"Mara mbili. Karatasi haina ndugu, haiwezi kukudanganya."

Gentille alicheka. Mwaka mzima nilikuwa sijamwona meno. "Leo atashiba uji," akasema. "Leo Tania atashiba." Akaniomba ile karatasi akamwonyeshe Bienfait, nikampa. Akaikunja ndani ya leso safi, akafunga unga wake, akaenda kutafuta pikipiki ya kurudi Nundu.

Nami nikabaki na chumba changu na harufu yangu. Ramazani alikuwa amelala usingizi wa mchana, miguu juu ya kiti. Ningepaswa kukaa niandike. Badala yake nikaanza kuosha vyombo, kwa sababu mikono yangu ikikosa kazi inanitafuta mimi mwenyewe. Nikaosha kikombe alichopimiwa Gentille. Nikakiosha mara ya pili, kwenye beseni kubwa la maji safi, na juu ya maji yale nikaona utando wa mafuta ukitembea taratibu, unang'aa.

Mahindi hayana mafuta ya namna ile.

Palikuwa na bandeleti moja iliyochanika bahasha yake, ya kutupwa. Kwa hasira tu, bila kufikiri, nikaichovya kwenye maji machafu ya beseni. Sikungoja dakika kumi. Ya tatu haijaisha, mistari ikatoka miwili, yote mieusi.

Nikafikiri beseni lilikuwa chafu. Nikachovya nyingine kwenye maji ya bomba: mstari mmoja. Nikachukua tone moja la unga wa Gentille niliokoroga kwenye kikombe cha pili, ambacho sikuwa nimekiosha, tone moja tu, nikalitia kwenye kikombe kikubwa cha maji, nikachovya: miwili. Nikachovya nyingine kwenye kile kile cha pili, bila kupunguza: mmoja.

Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nilikuwa tayari mlangoni nilipoelewa vizuri. Ile karatasi inafanya kazi kama arusi. Karanga ni wageni: inayoshikwa na rangi mlangoni inatembea mpaka kwenye mstari, inapata kiti, inakaa, na rangi tunaiona. Lakini karanga ikiwa nyingi kupita kiasi, rangi haiwatoshi wote. Wasio na rangi wanajaa kwenye viti vyote, na wenye rangi wakifika wanakosa pa kukaa, wanapita moja kwa moja hadi nje. Viti vimejaa, na wewe unayetazama rangi unasema ukumbi ni mtupu. Karatasi yetu haikuona karanga kwa sababu karanga ilikuwa nyingi mno.

"Ramazani! Amuka! Nimeua mutoto ya ndugu yangu!"

Sikungoja anijibu. Nilikimbia mpaka nyuma ya soko, nikaingia kwa Mwanahamisi nikihema. Alikuwa anafagia unga chini ya mashine, mtandio wake umejaa vumbi jeupe.

"Juu ya nini unahema vile, mwanangu? Nani anakufukuza?"

"Mama, ile bunga ulimupa Gentille, ni bunga gani?"

Uso wake uliangaza. "Muke ya Bienfait? Nilimupa ile muzuri, ya kusukutua. Nilikuwa nimemaliza kusaga karanga ya bamama ba kanisa, nikasukutua mashini na mahindi yangu mwenyewe, nikamuwekea yeye. Ule mutoto amekonda sana. Iko na mafuta, itamunenepesha."

Unga wa kusukutua! Nani asiyeujua hapa Baraka? Mashine ikisaga karanga, meno yake hubaki na mafuta, na mtu anayefuata na mahindi au muhogo atalalamika. Kwa hiyo mwenye mashine hupitisha bakuli la mahindi yake kusukutua mdomo wa mashine. Unga ule hauuzwi, ni aibu kuuuza. Huwekwa kwenye beseni chini ya kitambaa, na hupewa mama mwenye mtoto aliyekonda, au aliyetoka kuzaa. Tunauita unga wa mafuta na tunaushukuru. Mimi mwenyewe nililelewa nao, enzi za marehemu mume wake, nikatumwa na bakuli kila Alhamisi. Gentille ni mtu wa Kilembwe, asingejua. Mimi nilijua. Neno moja tu, "bunga gani?", lingetosha, na nimeliuliza nikiwa nimechelewa saa nzima.

"Mama, karanga njo inamuua yule mutoto."

"Lakini sikumupa karanga," Mwanahamisi akasema. "Nilimupa mahindi." Kisha nikaona maana inamwingia polepole. Ufagio ukamtoka mkononi, akakaa chini palepale kwenye unga. Sikuwa na nafasi ya kumwinua.

Simu ya Gentille ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake, ili kulinda chaji. Ya Bienfait ilisema haipatikani. Niliporudi mbio nilimkuta Ramazani amesimama. Miaka sita nimefanya kazi na mtu huyu, na sidhani kama nimewahi kumwona amesimama bila kuombwa. Mkononi alikuwa na kichupa cha dawa ya sindano alichokimbilia kwa muuguzi wa upande wa pili wa ua, na sindano yake, vimefungwa kwenye pamba. Mkono wa pili ulishika ufunguo wa pikipiki yake.

"Panda," akasema, akanitia kichupa mfukoni.

Barabara ya Nundu inafuata ziwa, na siku ile ilikuwa tope. Ramazani, mtu wa polepole, aliiendesha ile pikipiki kama aliyeiba. Kila tulipompita mtu aliyepakiwa nyuma nilimtazama kama ni Gentille. Nilihesabu: ametangulia saa moja na dakika kumi. Atafika, atawasha moto. Maji yatachemka. Uji hauchukui muda. Nilijaribu kumfanyia hesabu ya kuchelewa, pengine pikipiki yake imepata pancha, pengine daraja la mbao limewakwamisha, pengine kuni ni mbichi. Sijawahi kumwombea mtu kuni mbichi maishani mwangu, ila siku ile niliomba.

Kwenye kizuizi mwanajeshi alituinulia mkono. Akataka karatasi, nikampa. Akauliza mfukoni kuna nini.

"Dawa."

"Ya nani?"

"Ya mutoto ya ndugu yangu. Anakufa sasa hivi, tukiwa hapa tunaongea. Ukitaka kunifunga, utanifunga kwa kurudi. Jina langu unalo mukononi."

Alinitazama, akashusha kamba mwenyewe. Sijui hata uso wake.

Nyumba ya Bienfait tuliikuta wazi. Moto ulikuwa unawaka, sufuria juu yake, na uji ukitokota bila mtu, ukirusha matone kwenye majivu. Kijiko kilikuwa chini kwenye mkeka. Juu ya meza, katikati ya leso safi iliyokunjuliwa vizuri, ilikuwapo bandeleti yangu, mstari wake mmoja ukitazama juu. Waliitandaza kama cheti cha ubatizo. Niliondoa sufuria motoni, sijui kwa nini, nikaungua, na jirani akaita kutoka kwenye ua wake:

"Bamepeleka mutoto ku hospitali! Sasa hivi tu!"

Tuliwakuta kwenye benchi la chumba cha watoto. Tania alikuwa mapajani mwa mama yake. Macho yake yalikuwa vipande viwili vyembamba, mdomo wa juu umefura mpaka puani, na kifuani pake pumzi ilikuwa inapiga ile filimbi. Lakini ilikuwa inapiga. Bienfait alikuwa amesimama ukutani, ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Muuguzi alisema wameshamchoma sindano, na inaanza kufanya kazi. Alisema mama huyu amefanya vizuri. Alimlisha kijiko kimoja tu, akakaa kumtazama midomo, na mtoto alipojikuna shingo mara ya tatu hakungoja ya nne, alimbeba akakimbia.

Kijiko kimoja! Mtu ambaye wifi yake mwenyewe alimpa neno la maabara, na karatasi juu yake, bado alilisha kijiko kimoja na kutazama. Kichupa changu kilikuwa mfukoni, hakina tena kazi. Nilisimama mbele yao na mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza sikujua miguu inatakiwa kwenda wapi.

Nikawaeleza. Nikaeleza mashine ya Mwanahamisi, nikaeleza kusukutua, nikaeleza karatasi na viti vya arusi. Niliongea sana, haraka haraka, mpaka Ramazani akanigusa kiwiko. Gentille alinisikiliza mpaka mwisho. Filimbi ya kifua ilikuwa imepungua kidogo.

"Nilimuuliza Mama Mwanahamisi," akasema. "Akaniambia hapana. Nikauliza karatasi, ikaniambia hapana. We njo sikukuuliza." Akanyanyua macho. "Yaya, nilipofungua ile kitenge, we ulisikia harufu ya karanga?"

Bienfait akanigeukia. Ningeweza kusema soko. Ningeweza kusema aproni. Yule mwanasheria wangu alikuwa amesimama tayari na makaratasi yake.

"Nilisikia," nikasema.

Hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana. Alimvuta mtoto karibu zaidi, akamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge, na hakunitazama tena jioni ile. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyeniambia. Nililia nyuma ya pikipiki njia nzima ya kurudi, na Ramazani akaendesha polepole ili nimalize kabla ya kufika.

Alhamisi tulirudia kila kitu. Ramazani alichanganya upya, safari hii kuanzia kidogo mpaka nyingi kupita kiasi, mpaka nusu kwa nusu. Ilionekana wazi: karanga ikizidi kipimo fulani, mstari wa pili unafifia, kisha unapotea kabisa. Ukipunguza kwa maji mara mia, unarudi. Tukatuma vikombe vile vile Uvira kwa ajili ya sahani, nikaandika ripoti nikiwa nimesimama dirishani. Niliandika kwamba bandeleti inafaa, kwa sharti kila unga upimwe mara mbili, ulivyo na uliopunguzwa mara mia. Niliandika kwamba kabla ya kupima, aliyeuleta aulizwe umesagwa wapi na kabla yake mashine ilisaga nini. Na kwenye namba ya sampuli ya Gentille, mahali pa maelezo, niliandika: "Mpimaji alisikia harufu ya karanga kabla ya kutoa jibu, akanyamaza. Mtoto alidhurika."

Docta Placide alipiga simu Jumatatu.

"Mama Adolphine, hii ni kazi kubwa. Ile ya kupunguza mara mia tutaitumia kila mahali. Lakini ile phrase ya pua, tuiondoe. Itakuharibia jina."

"Jina ni yangu, docta. Muache ibakie."

"Watasema nini?"

"Watasema ilikuwa kweli."

Akaisoma ile sentensi tena, kwa sauti. Kisha akasema ataiacha, na sauti yake haikuwa na kicheko.

Siku iliyofuata Mwanahamisi alikuja maabara, mara ya kwanza tangu tuijenge. Alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Alikuwa amenunua kinu kipya cha mti, kisichowahi kuona karanga, akatwanga mahindi kwa mkono wake siku nzima, mtu mwenye mashine. "Siamini tena ile mashini," akasema. "Na mi mwenyewe sijiamini. Pima." Hakutaka kukaa. Tulikuwa wawili tuliosimama.

Nikafunua, nikainamisha uso mpaka ncha ya pua ikagusa unga. Mahindi. Nikatoka nje upande wa ziwa, mbali na soko, nikanusa tena. Mahindi. Nikapima ulivyo: mstari mmoja. Nikapunguza mara mia: mstari mmoja. Nikarudia vyote viwili. Kisha nikaufunga, nikamwomba Ramazani ufunguo, naye akasema pikipiki yake haimjui dereva mwingine, akanipeleka.

Gentille alitukuta mlangoni. Nyuma yake Tania alichungulia, uso wake umerudi kuwa wake. Nikanyoosha bakuli, na Gentille hakulipokea.

"Umenusa?"

"Nimenusa. Ndani, na inje."

"Ulisikia nini?"

"Mahindi."

"Mashini ilisaga nini mbele ya hii?"

"Haikupita ku mashini. Mama Mwanahamisi ametwanga na mukono, ku kinu mupya."

Akalipokea. Akawasha moto, akakoroga, akaacha upoe. Kisha akavuta kigoda, akakiweka mbele ya mtoto, karibu kabisa, mahali ambapo mtu angeona midomo vizuri.

"Kaa hapa," akaniambia.

Nikakaa. Tania alikula kijiko cha kwanza, nikatazama midomo yake. Akala cha pili, nikatazama shingo. Ramazani alikuja mlangoni mara mbili kunikumbusha kwamba jua linashuka na njia ni tope, na mara zote mbili hakunikuta nimesimama. Sahani iliisha. Gentille akaiosha, akaifuta, akaiweka rafuni, na mtoto akaenda kucheza uani. Mimi nilikuwa bado nimekaa.